UZI: Kuku wanakufa bandani, jirani anasema ni maua ya uzio. Mimea gani ya bustani ni sumu kweli kwa kuku?

#1 Tetea_wa_Buswelu

Wakuu, habari za leo.

Niko Buswelu hapa Mwanza. Nafuga kuku chotara nyumbani, mayai ya kula na ya kuuza mawili matatu hapo mtaani. Walikuwa wanazurura tu, majirani wakaanza kulalamika mchicha wao unaisha, basi nikawajengea banda la wavu pembeni ya bustani.

Sasa wameanza kufa. Jana mitetea miwili, leo asubuhi jogoo. Hawakohoi, hawajapinda shingo. Anasimama amejikunyata, anaharisha maji, analegea, ukirudi baadaye unakuta keshalala chini amekufa.

Kuna mama mmoja jirani, mtu mzima, kaja kuangalia akasema "haya maua yako ndiyo yanayoua". Uzio wangu ni yale maua ya pinki, majani membamba marefu, magumu. Kijana wa bustani kayapunguza juzi juzi. Humo humo uani kuna mnyonyo umejiotea, lantana ipo, na barazani mama watoto kaweka vyungu vya yale majani makubwa yenye madoa meupe.

Naombeni mnijuze: mimea ipi ya bustani ni sumu kwa kuku kweli, na ipi ni maneno ya watu? Nifyeke yote? Picha nimeweka.

#2 Jiwe_Kubwa

Ngoja wajuzi waje. Nimeweka kigoda hapa, maana hayo maua ya pinki na mimi ninayo Isamilo.

#3 Samaki_Mbichi

Mkuu huo ni ugonjwa wa mdondo, usitafute mchawi. Chinja waliobaki mle mapema. Ukichelewa utachimba shimo.

#4 Mifugo_Mstaafu

Namba 3, taratibu mwanangu. Ushauri wa kuchinja kuku ambaye hujui kinachomuua ndio unaopeleka familia hospitali. Kama ni sumu, hiyo nyama huijui ina nini.

Tetea, nijibu haya kwanza:

Uliwachanja mdondo lini, na kwa njia gani? Kuna watu wanachanganya chanjo na maji ya bomba. Maji yale yana klorini, na chanjo ya mdondo ina virusi hai, kwa hiyo kuku anakunywa maji tu. Ile ya tone la jicho haina shida hiyo, ila inarudiwa kila miezi mitatu.

Kuku wa jirani wasiofungiwa wanakufa? Mdondo hausimami kwenye wavu wako. Ukiingia mtaa unapiga hodi kila nyumba, na kwa kuku wasiochanjwa unaweza kumaliza banda zima.

Kinyesi ni cha kijani au ni maji tu?

La mwisho, ambalo watu hawaulizi: matawi yaliyokatwa yalienda wapi?

#5 Tetea_wa_Buswelu

Mzee shikamoo, asante sana.

Chanjo ni ya tone la jicho, bado haijapita muda wake. Kuku wa majirani wote wazima, na wengine sidhani kama wanajua chanjo ni kitu gani. Kinyesi ni maji maji, ukijani sijauona.

Matawi... kijana aliyarushia humo bandani. Alisema wapate kivuli na kitu cha kudonoa, maana banda halina mti.

#6 Mifugo_Mstaafu

Marahaba.

Acha kusoma uzi, nenda katoe hayo matawi sasa hivi. Okota hadi majani yaliyodondoka, fagia, mwaga maji ya kunywa uweke mengine safi, osha chombo. Halafu rudi.

Picha yako ya kwanza ni oleanda. Katika vyote ulivyotaja, huo ndio mmea ambao mimi nisingeuweka karibu na banda hata kwa kulipwa. Sumu yake inashika moyo. Kuna kazi inayofanywa na chembe za misuli ya moyo ya kusukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu, na oleanda inaizuia, hivyo mapigo yanavurugika. Ndiyo maana mnyama anakufa ghafla bila kuonyesha mengi. Mmea mzima una sumu: jani, ua, gome, mzizi. Jani likikauka sumu inabaki pale pale, ila ule uchungu unaofanya mnyama alikatae unapungua, na hapo ndipo penye mtego. Wengi wanajua mbuzi anapita kwenye uzio wa oleanda mbichi bila kuugusa, kisha anakula matawi makavu yaliyolundikwa baada ya kupogolewa.

Kuna ndugu yake ambaye Mwanza amejaa: oleanda ya njano. Maua kama tarumbeta dogo, tunda la kijani lenye umbo la kofia, ndani mbegu ngumu. Sumu ya ukoo ule ule, na mbegu zake ni kali sana. Watoto huzichezea, kwa hiyo hata asiyefuga kuku aangalie.

Sisemi kwamba ndicho kilichoua kuku wako. Nasema ndicho cha kuondoa kwanza. Maiti moja ihifadhi, usiitupe, na umwite afisa mifugo wa kata aipasue.

#7 Samaki_Mbichi

Mzee heshima yako, ila mimi sijakubali. Bibi yangu Magu amefuga kuku maisha yake yote. Boma lake limezungukwa na minyaa pande zote, nyuma ya jiko kuna mnyonyo mkubwa kama mwembe, na kuku wanalala humo humo chini yake. Sijawahi kusikia kuku kafa kwa jani. Kuku ana akili zake, chungu hali.

#8 Mama_Vifaranga

Mwangaluka wote.

Samaki_Mbichi umesema kweli nusu, hiyo nusu nyingine ngoja nikupe. Mimi niko Igoma, kuku ndio kazi yangu.

Kaa siku moja umtazame kuku anayezurura akikutana na jani geni. Halimezi. Analigusa kwa ncha ya mdomo, anang'oa kipande kama ukucha, anakishika kidogo, kisha kama hakimpendezi anatikisa kichwa mpaka kipande kinaruka pembeni, anafuta mdomo chini kulia na kushoto, anaondoka. Wenzake wakiona kafanya hivyo nao hawaji mbio. Kuku wa bibi Magu ana uwanja mzima: mchwa, majani, mtama uliomwagika, panzi. Kwa nini ahangaike na mnyaa?

Sasa mchukue huyo huyo umfungie kwenye wavu. Ardhi ameikwangua mpaka imekuwa ngumu, jani la kijani hajaliona tangu afungiwe, pumba anayopewa ni ile ile. Ukimrushia tawi lolote la kijani anakimbilia, na wenzake wakimwona anakimbia wanagombania. Akishagombania haonji, anameza. Hapo akili za kuku zimeishia.

Kwa hiyo swali la mtoa mada lina sehemu mbili. Si mmea gani una sumu tu, ni kuku gani yuko karibu nao na ana njaa ya kijani kiasi gani. Na vifaranga ni jambo jingine kabisa, wale wanadonoa kila kitu kwa sababu bado wanajifunza. Kifaranga bila mama yake hana wa kumfundisha, na hawa wa kutotoleshwa kwa mashine wote hawana mama.

Hiyo minyaa ya bibi nayo isidharauliwe. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza, kwa kuku na kwa wewe unayeukata. Vaa miwani.

#9 Ntuzu_Mjini

Mama_Vifaranga 👏🏾 hapo kwa kufuta mdomo chini nimecheka, nawaona wangu kabisa.

Naomba niongezee kwenye mnyonyo, maana huku kwetu umejaa kila jalalani. Jani lake si tatizo kubwa kama mbegu. Zile mbegu zenye madoa kama kupe aliyeshiba ndizo zenye sumu ya risini. Mtu anaweza kujidanganya kwamba ganda lake ni gumu, likimezwa litapita. Kwa binadamu asiyetafuna labda. Kuku ana firigisi, na humo kuna vijiwe, kazi yake ni kusaga vigumu. Kifuko kile kinakufanyia kazi ya meno.

Kuku anavumilia kuliko farasi, lakini kuvumilia si kukosa madhara. Na wenye bata mjihadhari zaidi: Texas, Marekani, bata wa mwituni waliwahi kufa kwa maelfu kwa kula mbegu hizi zilizopukutika mashambani, na watu mwanzoni walidhani ni ugonjwa.

Halafu tofautisheni mnyonyo na mbono kaburi. Ule wa mbono ndio uliopigiwa debe miaka ya 2000 kwamba tutakamua dizeli, watu wakapanda uzio wa maili. Dizeli hatukuiona, uzio tunao. Mbegu zake nazo ni sumu, na mashudu yake hayafai chakula hata ukiyachemsha, kwa sababu moto unaua sumu moja na nyingine inabaki.

#10 Kisiwani_Ukerewe

Nyie wa mjini mnaogopa maua. Huku kisiwani kinachoua kuku ni jikoni.

Sisi chakula chetu muhogo. Mtu anamenya muhogo mchungu kwa ajili ya udaga, ule muhogo wa kuvundikwa, maganda mabichi anayasukumia kuku. Wakila wakiwa na njaa, wakala mengi kwa mara moja, unawaona wanahema juu juu na kuanguka. Muhogo mchungu una kitu ambacho ukikatwa au kupondwa kinatoa sianidi, na ganda lina kingi kuliko nyama ya ndani. Majani mabichi vivyo hivyo.

Dawa yake si kutupa maganda, ni kuyakausha. Yakate vipande vidogo, yatandaze juani mpaka yavunjike mkononi, ndipo uyatwange uchanganye kwenye pumba. Sianidi inaondoka na hewa wakati yanakauka. Usiyarundike mabichi kwenye kiroba yakaota ukungu, hapo umetoa sumu moja umeweka nyingine.

Na msidhani ni mambo ya kuku peke yake. Mwaka 1985 ng'ambo huko Tarime, wakati wa ukame, watu walipata konzo, miguu ikapooza, kwa sababu njaa iliwafanya wakatize hatua za kuandaa muhogo mchungu. Wazee hawakuweka zile siku za kuvundika udaga kwa kupenda kuchelewa kula.

#11 Jiwe_Kubwa

Dah, uzi umekolea. Niulize moja moja, wajuzi mnijibu kwa kifupi:

Lantana? Yale majani ya vyungu yenye madoa? Parachichi, maana ninalo limeinamia banda? Majani ya nyanya? Na maharage, kuna mtu huku anawapa kuku maharage yaliyobunguliwa.

#12 Mifugo_Mstaafu

Lantana inasumbua zaidi ng'ombe, kondoo na mbuzi, inaharibu ini na ngozi yao inashindwa kuvumilia jua. Ndege wanakula zile tunda nyeusi zilizoiva na ndio wanaoisambaza kila kilima hapa Mwanza. Usiwakatie kuku majani yake uwape, basi. Kukesha kwa sababu ya lantana, hapana.

Majani ya vyungu yenye madoa yana chembe kama sindano zinazochoma mdomo na koo. Magimbi mabichi yana kitu hicho hicho, ndiyo maana yanawasha. Kuku anadonoa mara moja, anajuta, harudii. Viweke juu tu.

Parachichi ni la kuangalia. Jani, ganda na kokwa vina sumu ambayo kwa kasuku na ndege wadogo wa kufugwa inaua. Kuku anaistahimili zaidi, lakini sioni faida ya kumrushia maganda na kokwa. Mti ukiinamia banda, fagia majani.

Majani ya nyanya, ya bilinganya na ya viazi mviringo, weka mbali. Kiazi kilichopigwa jua kikawa kijani, na vile vichipukizi vyake, usiwape. Mnavu nao ni wa jamaa hiyo: tunda likiiva na kuwa jeusi wanalila bila neno, la kijani ndilo lenye shida.

Maharage mabichi makavu, kataa kabisa, hasa mekundu. Yana sumu inayokwaruza utumbo. Yaloweke, uyachemshe yatokote vizuri kwa nusu saa, umwage maji. Kuyapasha moto kidogo tu hakusaidii. Kubunguliwa hakuyatoi sumu.

#13 Mwalo_Kirumba

Mimi niwarudishe nyuma kidogo kabla hamjafyeka bustani zote.

Nilipoteza vifaranga wengi kwa vumbi la dagaa. Nilinunua kwa mtu, bei nzuri, kaniambia ni la kuku. Siku ya kwanza niliona wanakunywa maji kama hawana akili, vyombo vinakauka, chini ya banda kumelowa. Nikafikiri ni joto. Wakaanza kuvimba tumbo, ukimshika kifaranga unahisi maji yanacheza ndani, kisha wanapumua kwa shida na kufa.

Lilikuwa vumbi la dagaa waliotiwa chumvi. Dagaa wetu wa kawaida anaanikwa juani bila chumvi, tatizo lake ni mchanga. Lakini mvua zikiwa nyingi wapo wanaotia chumvi ili asioze, na wanaokaangwa nao wana chumvi yao. Mabaki yote yanafagiwa sehemu moja. Kuku anahitaji chumvi kidogo sana, kama gramu 3 kwa kilo ya chakula, na mchanganyaji ameshaiweka. Ukiongeza hilo vumbi umeua.

Sasa kabla ya kununua nalamba. Ndiyo, nalamba vumbi la dagaa mbele za watu, acha wanicheke.

#14 Samaki_Mbichi

😂😂 Mwalo_Kirumba umeniua. Lakini point yako ndiyo yangu: maua yanasingiziwa.

#15 Mama_Vifaranga

Yanasingiziwa mara nyingi, si kila mara. Mimi nikisikia kuku wamekufa ghafla wengi kwa pamoja, nafikiri hivi kwa mpangilio: mdondo, halafu dawa za kupulizia na mbegu zilizotiwa dawa, halafu chakula chenye ukungu au chumvi, ndipo mimea. Mbegu ya mahindi iliyopakwa rangi kwa ajili ya kupanda ikimwagika uani ni hatari kuliko uzio wowote. Na mtu akipulizia nyanya asubuhi, mchana kuku wako wanaokota wadudu wanaotapatapa, ni kama wamepuliziwa wao pia.

Lakini kwa Tetea kuna matawi ya oleanda ndani ya wavu. Hapo mpangilio wangu naupindua.

#16 Tetea_wa_Buswelu

Nimerudi na mrejesho.

Matawi nilitoa siku ile ile. Kuna mmoja alikuwa ameshaanza kulegea, huyo hakupona. Afisa mifugo alikuja akampasua hapo hapo juu ya gunia, nikisimama naye.

Alianza na gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni. Lilikuwa limejaa, na ndani, katikati ya pumba iliyolowa, kulikuwa na vipande vya jani vya kijani kilichofifia, vimekatika mraba mraba, ule mshipa mweupe wa katikati ukionekana wazi. Alikitandaza kimoja kwenye kidole akakilinganisha na jani la uzio. Ni lile lile. Kisha akafungua lile tumbo dogo lililo juu ya firigisi, akasema kwenye mdondo mara nyingi hukuta vidoa vya damu hapo. Palikuwa safi.

Alisema hawezi kuapa bila maabara. Nikitaka uhakika, nipeleke kuku mzima kwenye barafu, si kwenye friza, kwa wale wa Wakala ya Maabara ya Veterinari, wana kituo hapa Mwanza. Waliobaki wanakula, wamechangamka, hajafa mwingine.

Nimewapa dawa gani? Hakuna. Alisema kitu cha kubatilisha hiyo sumu kwa kuku hatuna huku, ni kuondoa chanzo, maji safi, kivuli, na kuwaacha watulie. Akanikataza kuwanywesha mafuta ya kula na maziwa kwa nguvu, kwamba yanaingia kwenye mapafu na kuwaua wale ambao wangepona.

Swali: mayai ya hawa waliobaki tunakula?

#17 Mifugo_Mstaafu

Ya kipindi hiki yatupe, na usimpe mbwa. Kaa kwa muda bila kuyala, muulize huyo huyo afisa wako akupangie, yeye kawaona. Waliokufa wafukie chini kabisa, uweke na chokaa au majivu, mbwa wasifukue. Na matawi ya oleanda usiyachome, moshi wake nao si mzuri kuuvuta. Fukia.

#18 Igombe_Pwani

Mzee nami nichomekee hapo kwa kuwa umegusa kufukia.

Nina bata karibu na ziwa. Kuna wakati walianza kulegea miguu, mara mabawa, mwisho shingo inalala chini kama kamba, macho hayafumbuki vizuri, lakini yuko hai anakutazama. Watu wakasema wamekula utupa, maana jirani kaupanda shambani kufukuza fuko. Kumbe ni nini?

#19 Mifugo_Mstaafu

Utupa unaua samaki, hilo kila mvuvi analijua, na kuutumia ziwani ni kosa la jinai. Kwa ndege wenye manyoya nguvu yake ni ndogo zaidi. Mnaosafisha ndoo mliyopondea utupa, msiimwage kwenye bwawa la samaki. Bata wako mimi nisingeanza na utupa.

Shingo ya kulala na shingo ya kupinda ni vitu viwili. Mdondo unapinda, kuku anatazama mgongoni. Ukiona imelala, imekosa nguvu, na kupooza kumeanzia miguuni kupanda juu, tafuta mzoga. Samaki aliyeoza ufukweni, kuku aliyekufa kwenye nyasi, panya. Ndani ya mzoga kuna bakteria wanaotengeneza sumu ya kupoozesha, funza wanaula mzoga na sumu wanabaki nayo mwilini bila wao kudhurika, bata anakula funza. Funza wachache wanatosha. Zungukia ufukwe wako asubuhi, kusanya samaki waliotupwa, ufukie. Ndiyo maana nawasumbua na kufukia.

Bata ni dhaifu kuliko kuku kwa sumu nyingi. Ukungu wa mahindi na karanga, ule wa sumukuvu, unamwangusha bata mapema wakati kuku bado anadunda. Sumukuvu yenyewe iligundulika kupitia ndege: mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, ikaja kuonekana mashudu ya karanga waliyolishwa yalikuwa na ukungu. Kwa hiyo pumba iliyoshikana mabonge na kunuka uvundo usiseme "nitampa bata".

#20 Jiwe_Kubwa

Basi nimeng'oa oleanda yangu jana. Sasa nipande nini kisiwadhuru, na mama yeyoo bado anataka maua?

#21 Ntuzu_Mjini

Haibiskasi. Ua linapendeza, na kuku wanalila ua na jani bila shida, tatizo utabaki na vijiti. Bogenvilia nayo haina neno, ila miiba yake usikanyage. Ndani ya wavu kabisa weka mchaichai kwenye kona, harufu yake kuku hawaipendi sana kwa hiyo unadumu na unawapa kivuli kidogo. Nje ya wavu panda mlonge, unakata matawi unawaning'inizia. Kuning'iniza ni muhimu, ukiyatupa chini wanayakanyaga na kuyachafua.

Majani ya mlukina pia watu wanawapa, kiini cha yai kinakuwa cha njano kweli. Iwe kidogo sana. Ikizidi inadumaza vifaranga.

#22 Mama_Vifaranga

Na mpapai, msisahau. Wanapenda tunda lake kuliko nilivyo mimi.

#23 Misungwi_Pamba

Wakuu samahani kwa kuingilia uzi, ila naona mada ni ile ile. Hapa kwetu mashudu ya pamba ni rahisi kuliko ya alizeti. Nimeanza kuyaweka kwenye chakula cha kuku wa mayai. Kuku hawajafa, wanataga. Lakini mteja wangu mmoja wa chipsi kanirudishia trei, anasema viini vimekuwa na rangi ya kijani kama matope na hawezi kukaangia watu. Ni ugonjwa?

#24 Mifugo_Mstaafu

Si ugonjwa, ni mashudu. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe anaihimili kwa sababu ya tumbo lake la kwanza, kuku hana tumbo hilo. Gosipoli inaingia kwenye yai na kushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye kiini. Yai la leo unaweza usilione, likikaa stoo ndipo rangi inageuka. Wakati mwingine na ute unakuwa wa pinki kwa sababu ya mafuta yanayobaki kwenye mashudu hayo. Ikizidi, utagaji unashuka na vifaranga wanadumaa.

Yape ng'ombe. Kuku wa mayai wape ya alizeti.

#25 Misungwi_Pamba

Asante mzee. Na yale mayai yaliyoko stoo nifanyeje, trei ni nyingi?

#26 Mwalo_Kirumba

Mteja wa chipsi mrudishie hela yake kwanza. Halafu mashudu ya alizeti yapo Buhongwa na Igoma kwenye mashine za kukamulia, nenda asubuhi siku wanayokamua uyachukue yakiwa bado ya moto. Uyanuse.

#27 Samaki_Mbichi

Na uyalambe 😂